Kelele za Jumamosi

Kila Jumamosi asubuhi Kaptura alipigwa mbele ya wageni, na kila Jumamosi dada yake ndiye aliyeamuru apigwe. Alipigwa vizuri, kwa mpangilio, mpaka wageni wakashika mbavu. Kisha aliinuka, akajikung'uta vumbi, akaenda kunywa chai na waliompiga.

Msitu wenyewe ulikuwa kipande tu kilichobaki katikati ya jiji, gereji za malori upande huu, maghorofa upande ule, umebanwa kama mtoto aliyelazwa katikati ya kaka zake. Wakazi wa jirani ndio waliokuwa wakiulinda na kuwatembeza wageni ndani yake. Kiongozi wa watembezaji alikuwa huyo dada yake Kaptura, ambaye hakuna aliyekumbuka kumwita kwa jina lake. Waliamua tu kumwita Kipaza. Kumnong'oneza siri kulikuwa sawa na kuibandika ukutani.

Mwanzoni Kipaza aliwaonyesha wageni ndege na majani. Wageni wakapiga miayo. Mmoja alilala fofofo mbele ya kima aliyekuwa akinyonyesha, na kima akamtazama kwa huruma. Ndipo Kipaza akabuni mchezo.

Mchezo ulikuwa hivi. Kaptura anatokea kichakani na panga, anaanza kuukata mvule, mti mkubwa kuliko yote msituni. Binamu yao na wenzake wawili, wakiwa walinzi, wanamfumania na kinanuka. Mapanga yalikuwa vipande vya mbao vilivyopakwa rangi ya fedha. Damu ilikuwa rangi ya keki iliyokorogwa na unga, ikafungwa kwenye mfuko wa plastiki na kufichwa ndani ya shati, kifuani. Ukipigwa hapo, unapasuka na wageni wanapiga ukelele. Mwishoni mwizi anapiga magoti, anaomba msamaha, anapewa mche aupande.

Lakini chumvi ya mchezo ilikuwa Kipaza mwenyewe. Katikati ya kipigo alishika kichwa na kuwageukia wageni: "Jamani, huu si mchezo. Hawa ni wezi kweli. Nisaidieni, wanamuua mdogo wangu." Mara ya kwanza wageni walishtuka, halafu wakajicheka, halafu wakapiga makofi mpaka kima wakahama. Kipaza akanogewa. Wiki iliyofuata aliongeza "nasema kweli". Baadaye akaongeza "nawaapia kwa mama yangu aliyenizaa". Akaongeza machozi, akaongeza kugaragara. Kila neno ambalo mtu angelilia nalo siku ya matatizo, Kipaza alikuwa ameshalitia kwenye mchezo na limeshapigiwa makofi.

Kaptura hakupewa sehemu ya mwizi kwa bahati. Alikuwa mwizi kweli. Kwa miaka alikata miti ya msitu huohuo kwa mtu aliyeitwa Kisiki, kwa sababu kila alipopita ndicho alichoacha. Dada yake ndiye aliyemtoa huko, karibu amvute kwa sikio. Kaptura alipotoka, alitoka mzima mzima: aliwaonyesha walinzi njia za siri ambazo gogo hupitia usiku, na lori la Kisiki likakamatwa. Tangu siku hiyo mama yao alikuwa halali vizuri.

"Umemtoa kwenye mdomo wa fisi," alimwambia Kipaza, "sasa fisi ana njaa. Nimekukabidhi. Siku utakayorudi bila yeye, usinigongee mlango."

"Mama, fisi mwenyewe hana hata lori."

"Meno anayo."

*

Jumamosi hiyo walikuja wachinjaji. Chama kizima cha wauza nyama wa soko kuu, na wake zao, wamevaa fulana za rangi moja, watu ambao jani wanalolijua ni lile la kufunikia maini. Mwenyekiti wao alikuwa mzee wa miraba minne, shingo na kichwa vimeungana bila mpaka. Alikaa benchi la mbele, na benchi likalalamika.

"Binti," alimwambia Kipaza, "tumeambiwa hapa kuna vita. Maua hatutaki, maua tutayaona kwenye mazishi."

"Baba, vita ipo. Ila sheria ni moja: mgeni hamgusi mtembezaji, mtembezaji hamgusi mgeni. Kila mtu arudi kwake na viungo vyake vyote."

"Sisi viungo ndiyo biashara yetu," alisema mmoja wa nyuma, na wakacheka wote.

Kaptura akatokea kichakani, kaptura yake ileile iliyompa jina imemning'inia, panga la mbao mkononi, akiangalia kushoto na kulia kama mwizi wa kuku. Wageni wakaanza kumzomea. Akawaonyesha ulimi. Akaufikia mvule, akaanza kuugonga, ta, ta, ta.

Binamu alipaswa kutokea upande wa kulia. Walitokea watu wanne upande wa kushoto.

Hapo ndipo Kipaza alipokosea. Juzi yake Binamu alikuwa amelalamika kwamba mchezo umezoeleka, akaahidi kuleta watu wapya, watokee pasipotarajiwa, hata Kipaza mwenyewe asijue. Basi Kipaza alipowaona wale wanne, mmoja na msumeno wa mota begani, wawili na mapanga, wa mwisho na rungu, moyo wake ulifurahi. Alisema moyoni, kumbe Binamu akiamua anaweza.

"Mnaona, mabibi na mabwana," alitangaza, "majambazi wenzake wamekuja kumlipizia kisasi. Wapigieni makofi tafadhali."

Wachinjaji wakapiga makofi. Kwa makofi hayo rungu likashuka kwenye goti la Kaptura.

Sauti yake haikuwa ya mchezo. Kwenye mchezo vitu vilisikika pa, pa, vikavu. Hii ilisikika kama mtu amekanyaga kikapu cha mayai. Na Kaptura, ambaye kila wiki alipiga yowe la kufika gerejini, safari hii hakupiga yowe lolote. Alitoa pumzi tu, kama tairi, akakalia mguu uliokunjika upande usiokunjwa.

Kipaza alibaki ametabasamu. Tabasamu lilikuwa limeganda, halijapata habari. Alimwona mtu wa panga akiinua mkono, akamwona mdogo wake akikinga uso, panga likapita kwenye kiganja. Vitu viwili vidogo vikarukia kwenye majani. Nyekundu ikatiririka hadi kwenye kiwiko. Kipaza akatazama kifua cha Kaptura. Mfuko wa rangi ulikuwa bado mzima, umetuna ndani ya shati kama siku zote.

Mfuko haukuwa umepasuka, na damu ilikuwa inamwagika.

Mtu wa rungu akageuka. Alikuwa Kisiki.

"Jamani," Kipaza akapiga kelele, "huu si mchezo."

Wachinjaji wakaangua kicheko. Wengine walikuwa wamesimuliwa na jamaa zao waliokuja wiki zilizopita, wakawa wanagongana viwiko: ndiyo hapa sasa, msikilize.

"Hawa ni wezi kweli. Nisaidieni. Wanamuua mdogo wangu."

Makofi.

"Nasema kweli. Nawaapia kwa mama yangu aliyenizaa."

"Huyu dada," alisema mke wa mwenyekiti akijifuta machozi ya kucheka, "angekuwa kwenye televisheni huyu."

Kipaza akafungua mdomo atafute neno jingine. Alitafuta kama mtu anayepapasa mfukoni akijua mfuko umetoboka. Yote alikuwa ameyatumia.

Binamu na wenzake wakatokea kulia mbio, wakiwa wamechelewa kwa sababu walikuwa wanagombania kofia ya mlinzi. Binamu alisimama, akamwona Kaptura chini, akamwona Kisiki, akaelewa. Tuseme ukweli, Binamu hakuwa jasiri kwa asili. Hata kwa jogoo wa jirani, Binamu ndiye aliyekuwa anampisha njia. Lakini alikimbilia pale pale na panga lake la mbao, akalishusha kichwani kwa Kisiki. Panga likakatika vipande viwili, kimoja kikarukia kwa wageni. Wageni wakaanguka kwenye mabenchi kwa kucheka. Kisiki akamchapa Binamu rungu la mdomo. Binamu akalala chali, akageukia upande, akatema meno. Wenzake wawili walipigwa kwa ubapa wa panga mpaka wakatambaa.

Kipaza akamrukia Kisiki mgongoni. Alimng'ata sikio mpaka akasikia ladha ya chumvi. Kisiki akamshika nywele, akamvuta mbele, akampiga kiwiko cha uso. Pua ikavunjika, dunia ikawa nyeupe. Alipoanguka kwa magoti, Kisiki alimwinamia kama mtu anayemwokota mwenzake.

"Endelea kulia, dada," alimwambia taratibu. "Wanakupenda. Nimekaa kichakani Jumamosi nyingi nikikusikiliza. Mlinzi wa getini akisikia kelele anaongeza sauti ya redio. Watu wa ghorofani wanafunga madirisha. Hakuna mahali pazuri pa kumkata mtu katika jiji hili kama hapa, na umenitengenezea wewe."

Akaelekeza kidole kwa Kaptura. "Ile mikono iliyoonyesha njia za gogo. Ilazeni hapo."

Wale wawili wakamburuta Kaptura hadi kwenye mzizi wa mvule, mzizi mnene uliotokeza juu ya ardhi kama goti la ng'ombe. Wakainyoosha mikono yake miwili juu ya mzizi, mmoja amekalia mgongo wake. Mtu wa msumeno akavuta kamba. Msumeno ukakohoa, ukazima. Akavuta tena. Ukakohoa.

"Weka mafuta, fundi," mgeni mmoja akadakia, na kicheko kikazunguka benchi hadi benchi.

Akavuta tena. Mashine ilikuwa nzee, na kwa mara ya kwanza Kipaza alimwombea heri mchovu yeyote aliyewahi kushindwa kuihudumia.

Damu ya pua ilikuwa inaingia mdomoni. Aliwatazama wageni: meno, fulana, simu zimeinuliwa. Kwao yeye alikuwa amepakwa rangi. Angeweza kufa pale, wangemsifu jinsi anavyokufa. Maneno hayakuwa na kazi tena. Lakini hawa walikuwa wachinjaji.

Akatambaa hadi kwa mdogo wake. Aliyemkalia Kaptura alidhani amekuja kumkumbatia, akacheka, akamwacha. Kipaza akasukuma kiganja chake kwenye jeraha, penye moto, akakikandamiza mpaka Kaptura akanguruma. Kisha akainuka, akapepesuka hadi benchi la mbele, akavunja sheria yake mwenyewe. Alimpaka mwenyekiti damu usoni, kuanzia paji mpaka kidevu, kwa kiganja kizima, kwa nguvu, kama mtu anayepiga kofi.

Mke wa mwenyekiti akasema, "Ee, wewe." Kicheko kikapungua. Mzee alishtuka, akakunja sura, akainua mkono ajifute. Vidole vyake vikasimama.

Alivisugua, gumba kwa shahada. Vilinata. Akavileta puani. Mtu aliyekuwa ameinusa kila alfajiri tangu ujana wake hakuhitaji kuambiwa.

"Hii ya moto," alisema.

Hakupaza sauti. Aliinuka tu, na benchi likainuka naye kwa sababu alikuwa amelishika.

"Wanaume," alisema, "hii ni damu."

Kicheko kilikatika kama umeme. Na wakati huohuo msumeno ukawaka.

Kelele yake ilijaza msitu. Mwenye msumeno akainama juu ya ile mikono miwili, na mwenyekiti akafika akiwa amekumbatia benchi kama mtu anayehamisha kitanda. Alilichomeka katikati ya mnyororo na mikono ya Kaptura. Vumbi la mbao likaruka, mnyororo ukauma mbao, ukanasa, ukamvuta mwenyewe mbele, na mzee akamkaribisha kwa kichwa. Pua ya yule mtu ilisambaa. Wachinjaji wengine walikuwa wameshafika. Hawakupiga kelele, na hilo ndilo lililotisha. Walifanya kazi. Mmoja alikanyaga kifundo cha mkono uliokuwa na panga, akasimama juu yake kwa uzito wote, mwenzake akalichukua panga kama mtu anayepokea chenji. Mwenye panga hilo, yuleyule aliyemkalia Kaptura, aliinuliwa kwa shingo na mguu, akapigizwa kwenye mvule, mara moja, mara ya pili, magome yakamchuna shavu lote. Wa pili wa panga alimkata mchinjaji mmoja bega, fulana ikapasuka, nyama ikafunguka. Mchinjaji akaliangalia bega lake kwa dharau, akamshika yule mtu mkono na kuuzungusha mpaka kiungo kikatoka mahali pake kwa sauti ambayo wote pale waliijua kutoka kazini.

Kisiki alikimbia. Alikimbilia kwenye kitalu, na huko akakutana na Mama Miche, bibi wa kumwagilia, ambaye alikuwa kiziwi kidogo na mchezo hakuwahi kuupenda. Aliona tu mtu anakanyaga miche yake. Alimtandika debe la kumwagilia la bati, lenye maji, usoni. Kisiki akarudi kinyumenyume mikononi mwa wachinjaji.

Walimwangusha mbele ya mvule. Walimpiga kwa mateke mpaka mateke yakaanza kutoa sauti laini. Mwenyekiti akawasukuma kando, akalichukua lile panga la kweli, akaweka goti kifuani kwa Kisiki, na kwa mkono wa kushoto akamwinua kidevu. Lilikuwa ni tendo la mazoea. Hata mke wake aliliona hivyo, akageuza uso.

Hapo Kisiki akaanza kusema.

"Nisameheni, ndugu zangu. Mikono hii iliyokata ndiyo itakayopanda. Nilipotea, msitu umenirudisha nyumbani."

Wachinjaji wakasita. Maneno yalikuwa mazuri. Kipaza aliyajua, kwa sababu alikuwa ameyaandika yeye. Yalikuwa ya Kaptura, ya mwisho wa mchezo, neno kwa neno. Hata kilio cha katikati Kisiki alikiweka palepale kinapokaa. Kumbe huko kichakani alikuwa anasikiliza mpaka mwisho.

"Binti," mwenyekiti alisema bila kugeuka, ncha imegusa ngozi, tone limeshachomoza. "Huyu ni wako. Sema."

Kwenye mchezo, hapo ndipo Kipaza alipokuwa akiwauliza wageni, tumfanye nini? Na wageni hujibu, mchome, huku wanakula karanga. Sasa aliulizwa yeye, kwa kweli, na wageni wote walikuwa wanamtazama. Aliona lile koo likipanda na kushuka. Neno lenyewe halikuhitajika. Angenyamaza tu kidogo, panga lingemalizia sentensi, na mama yake angelala usingizi kila siku ya maisha yake. Akanyamaza. Alinyamaza kuliko alivyowahi kunyamaza tangu azaliwe.

"Dada."

Ilikuwa sauti ya Kaptura, kutoka kwenye mzizi, nyembamba kama ya mtu aliye chumba cha pili.

"Huyo ataongea mpaka kesho. Mimi naishiwa."

Kipaza akageuka. Damu ilikuwa imeshuka kwenye mzizi na kutengeneza kidimbwi, na midomo ya mdogo wake ilikuwa rangi ya majivu. Alikuwa amesahau. Kwa muda ule wa kulitazama koo la mtu mwingine, alimsahau yule aliyekabidhiwa.

"Muache," alimwambia mwenyekiti. "Nipe mkanda wako. Muache huyo, baba, nasema nipe mkanda."

Mzee alilitupa panga kana kwamba limemuunguza. Alivua mkanda huku suruali inamteremka, akapiga magoti penye kidimbwi, akaupapasa mkono wa Kaptura kwa vidole vilivyojua kila mshipa unapopita, akafunga juu ya kiwiko, akakaza kwa meno. Damu ikapungua, ikawa matone, ikasimama.

"Kwa kawaida mimi naifungulia," alisema akihema. "Kuifunga ni mara ya kwanza."

Kisiki na watu wake walifungwa kwa kamba ya njia ya wageni, mmoja juu ya mwingine kama kuni, na kwa kuwa kamba haikutosha, kwa fulana za chama. Kaptura walimbeba juu ya kibao cha matangazo kilichoandikwa KARIBU MSITU WETU. Binamu alitembea pembeni, amejaza kitambaa mdomoni, mfukoni meno yake. Kipaza alishika ule mkono uliofungwa, ameuinua juu, hakuuachia.

Getini mlinzi alipunguza redio. Aliwatazama wote, damu, mwenyekiti ameshika suruali, kibao, majeruhi.

"Leo mmekazana," alisema, na akawapigia makofi.

*

Kaptura alibaki na mguu unaochechemea na mkono wa vidole vitatu. Mama yao alifika hospitali akiwa amevaa kandambili tofauti, akamtazama mwanawe amelala, akauhesabu mkono ule kwa macho. Kisha akamtazama Kipaza, pua imefungwa bandeji, na Kipaza akainuka akijua anafukuzwa. Mama akamsogezea kiti.

"Sasa ndiyo nitaigiza vizuri," Kaptura alisema kitandani.

"Ukilitaja tena hilo," dada yake alimjibu, "nitakuvunja na goti la pili."

Mchezo ulikufa. Kisiki alikwenda jela. Wageni walipungua kidogo, kisha wakarudi, na baadhi waliuliza kama ile sehemu ya vita ni mpaka saa ngapi. Kipaza aliwapeleka kwenye mvule. Aliwaonyesha mzizi wenye alama ya mnyororo na doa jeusi ambalo mvua ilikuwa bado haijaliweza, akawaeleza yaliyotokea, kwa sauti ya chini, ikabidi wa nyuma wasogee.

Mgeni mmoja, kijana mwenye miwani ya jua, alisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu, akageukia wenzake.

"Wameitunga vizuri," alisema, na akaanza kupiga makofi.

Yaligongana mara moja tu. Kabla hayajagongana tena, Kipaza alikuwa ameshaishika mikono yake miwili, mgeni au si mgeni, na alikuwa anaiminya. Kijana alitaka kucheka. Akatazama chini, kwenye vidole vilivyomshika, halafu kule kwenye kitalu, ambako mtu mwenye kaptura alikuwa anashindilia udongo kwenye mche kwa vidole vitatu, na kicheko hakikutoka.